Hema Bora la Darasa

Siku shule ilipofungwa mwezi wa sita, binti yangu Ineza, mwenye miaka minane, alirudi na karatasi ya rangi yenye picha ya mtoto aliyevaa kofia ya sufu akichezea theluji. Theluji! Durban hii, ambako mwezi wa saba watu wanaoga baharini. Kichwa chake kilisema: Raha za Majira ya Baridi Nyumbani. Mambo matano. Fanyeni yote, mzazi atume picha kwenye WhatsApp ya darasa, na shule ikifunguliwa mtoto atabandikwa ukutani. Asiyefanya habandikwi.

Nilisoma nimesimama. Nikakaa, nikasoma tena. Moja: okeni biskuti kwenye oveni. Mbili: jengeni hema la mablanketi ndani ya nyumba. Tatu: ficheni hazina, mtoto aitafute chumba hadi chumba. Nne: kateni theluji ya karatasi. Tano: chezeni mchezo wa kelele mpaka mwili upate joto.

Chumba hadi chumba! Sisi tuna nusu ya chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Nusu nyingine, ile yenye dirisha, ni ya Papa Huguette, mke wake na mtoto wao mchanga, Wakongomani. Katikati kuna rido: mablanketi mawili yaliyoshonwa pamoja na kutundikwa kwenye waya, ukuta kwa ukuta. Papa Huguette analinda yadi ya malori kule Clairwood usiku, mchana analala. Kwa hiyo mchana sisi hatupigi kelele. Hata chafya tunaimeza. Nimechagua kazi ya kushona wigi kwa mkono kwa sababu sindano haina sauti. Halafu mtu ananiandikia nicheze mchezo wa kelele! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, lakini huyu angeweza kuuliza.

"Leo hii nitamwandikia mwalimu wako," nilisema.

"Hapana, Mama." Ineza alikuwa ameshashika penseli. "Ona, namba mbili tuko nayo tayari."

Alikuwa ananionyesha rido.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alipiga picha mwenyewe kwa simu yangu: blanketi la bluu lenye maua, waya, na chini yake vidole vya miguu vya Papa Huguette. Akaweka alama ya vema kwenye karatasi.

Basi nikafanya. Kwa hasira, lakini nikafanya, maana ukuta mzima uwe na watoto wa wenzangu halafu wangu asiwepo? Zamu yetu ya jikoni ni saa kumi hadi kumi na moja. Tulikanda unga wa chapati, Ineza akaukata kwa mdomo wa glasi, tukakaanga, na biskuti zikawa hizo. Hazina ilikuwa harage moja jekundu. Alilitafuta dakika nne, na muda mwingi alikuwa anajifanya halioni. Theluji tuliikata kwenye makaratasi yanayofungia nywele za wigi. Namba tano tuliigeuza vitendawili vya kunong'ona.

"Kitendawili," nilinong'ona.

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Ineza alifikiri. Nyuma ya rido sauti nzito ikasema, "Ni yai, Mama Ineza. Sasa muniache nilale, pardon."

Tulicheka tumeuma mto.

Shule ilipofunguliwa nilimsindikiza kwa makusudi, niuone huo ukuta. Rido letu lilikuwa juu kabisa, na nyota ya dhahabu, na maandishi makubwa: HEMA BORA LA DARASA. Mwalimu wake, msichana mwenye tabasamu la kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, alinishika mikono yote miwili.

"Mmetumia akili kweli, Mama! Hata baba mkamlaza ndani!"

Baba! Baba yake Ineza alibaki Bujumbura. Sikusahihisha. Mwalimu akamwinamia mtoto. "Na kulibomoa je, mlichukua muda gani?"

Ineza aliniangalia. Mwezi wa tano nilimwadhibu kwa uwongo wa kipande cha mkate, nikamwambia njia ya mwongo ni fupi.

"Tulilibomoa siku ile ile, Miss," alisema.

Maneno nilikuwa nayo. Kiingereza changu cha hasira ni kizuri kuliko cha amani. Lakini ningesema nini, darasa zima lisikie, na yeye ndiye wa kubaki pale mpaka saa nane? Nikaaga. Nilitembea nikijitukana mpaka robot ya pili, hizo taa za barabarani, nyekundu iliponisimamisha.

Saa nane na nusu Ineza alirudi. Hakuvua viatu. Alipanda juu ya ndoo, akaanza kufungua kamba ya rido.

"Ineza! Papa Huguette amelala!"

"Nilimwambia Miss tumelibomoa." Hakuacha kufungua. "Tukilibomoa leo, uwongo utakuwa mdogo."

Upande mmoja ulianguka. Papa Huguette aliketi kitandani, shuka kifuani, macho mekundu. Nilianza kuomba msamaha, na msamaha ukageuka ghadhabu. Nikamweleza yote, nyota, ukuta, swali la mwalimu, na nikawa napiga kelele mchana kweupe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Eish," alisema. "Huyu mwalimu, kwake iko rido?" Akanyanyuka, akaenda kufungua upande wa pili. "Bomoa, ma fille. Bomoa vizuri."

Tulilikunja mimi na Ineza, kona kwa kona. Miaka miwili nilikuwa sijakiona chumba kile kizima. Jua la dirishani lilifika mpaka kwenye kitanda chetu. Ineza alikimbia kutoka ukuta hadi ukuta akipiga kelele, akarudi, akakimbia tena, mpaka jasho likamtoka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Saa kumi na mbili Mama Huguette alirudi kutoka sokoni, mtoto mgongoni, akataka kubadili nguo. Tukalitundika tena.