Binti wa Duka la Mashuka

Wenzake pale hospitalini Karatu walimwonea gere Dokta Bhavika Sodha kwa jambo moja: wagonjwa wa Kimasai walimsikiliza. Wengine wakishabembeleza mpaka wakachoka, yeye alikuwa akiingia, anavuta kiti, na mambo yanakwenda.

Siku waliyofika wageni kutoka Dar, watu wa mradi uliokuwa ukitafuta daktari wa kuongoza mafunzo ya wauguzi, aliitwa wodini kwa Naipanoi, bibi mmoja wa Nainokanoka mwenye uvimbe tumboni. Bibi alikuwa amekataa katakata kupasuliwa. Bhavika hakutaja kisu wala dawa.

"Yieyo, takwenya," alimwamkia kwa Kimasai.

"Iko," bibi akaitikia, akageuza uso kumtazama.

Akamuuliza habari za mvua, za ng'ombe, za wajukuu. Kisha akanyamaza, akamwacha bibi aulize mwenyewe. Bibi akauliza, akajibiwa taratibu, akauliza tena. Mwishowe akasema, "Basi nipasue wewe."

Nje ya wodi wageni, waliokuwa wakitazama kupitia dirishani, walikuwa wamefurahi mno. "Umejifunzia wapi haya?" akauliza mkuu wao, Dokta Katarina.

Alijifunzia dukani. Tangu utotoni alikaa nyuma ya kaunta ya baba yake, Kantilal, katika duka la mashuka na mablanketi lililoanzishwa na babu yake. Hapo ndipo alipopata Kimasai na Kiiraqw cha kuombea maji, na hapo ndipo alipoona kwamba mtu aliyeshuka milimani kutafuta shuka hakimbizwi: salamu kwanza, bei baadaye. Lakini chuoni wenzake walikuwa wakimtania kwamba Mhindi hata udaktari anaununua dukani kwao, na tangu hapo neno duka lilimkwama kooni.

"Ni mbinu za mawasiliano," akajibu. "Nilisoma kozi nje ya nchi."

Akageuka, akamwona baba yake. Kantilal alikuwa amesimama mlangoni na hotipoti mkononi, amemletea chakula cha mchana kama alivyozoea. Alikuwa amesikia.

"Na huyu mzee?" Katarina akauliza kwa upole.

"Ni mfanyabiashara wa hapa mjini," Bhavika akasema haraka. "Huwa anatuletea chakula."

Kantilal alimtazama kidogo tu. "Ndiyo, Daktari," akasema. "Chakula hiki hapa." Akaliweka hotipoti kwenye benchi, akawaaga wageni wote kwa adabu, akaenda zake.

Bhavika alipewa nafasi ile. Wenzake walimpongeza, naye kila mkono alioupokea aliona kama umemshika mwizi. Kesho yake chakula kililetwa na mlinzi wa getini.

Jumamosi akaenda dukani. Baba yake alipomwona aliinuka, akamvutia kiti cha wageni. "Karibu, Daktari."

"Papa, usiniite hivyo."

"Si ndivyo ulivyo, beta, mwanangu?" Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nisamehe. Niliona haya. Sijui hata niliona haya ya nini."

Kantilal aliendelea kukunja mashuka. "Mimi nilikusomesha ili utoke hapa," akasema. "Umetoka. Nitalalamika vipi?"

Bhavika akazunguka kaunta, akashika upande wa pili wa shuka. Mteja mmoja, kijana aitwaye Simel, akaingia na kumuuliza mzee, "Huyu ni nani?" Mzee alitazama kitambaa tu, akasubiri.

"Mimi ni binti yake," Bhavika akasema. Simel akaitikia kwa kichwa, akaomba shuka jekundu. Maneno yalikuwa yametoka kirahisi mno. Pale hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Jumatatu akampigia simu Katarina, akamweleza kila kitu: duka, kaunta, uongo wa kozi, na jinsi alivyomkana baba yake, yule mzee wa hotipoti.

Katarina alimsikiliza mpaka mwisho. "Kazi utafanya," akasema. "Kuhusu duka, ungetuambia tu, tungekupenda zaidi. Lakini yule mzee, Dokta... aliniaga kwa mikono miwili."

Bhavika alikata simu. Alitamani mama yule angemfokea, ampokonye nafasi, amalize. Jioni alipomwomba baba yake aje kwenye ufunguzi wa mafunzo, akae mbele pamoja naye, Kantilal alifikiri kidogo, akasema siku hiyo ni ya mnada, wateja watakuwa wengi.

"Nitafunga duka mwenyewe, Papa."

"Hapana," akamjibu taratibu. "Nenda tu, beta. Safari hii nenda peke yako."