Mistari Iliyoanzia Mbali

Mistari iliyokataliwa na mashine ilianza kuingia kwa mama siku ya kufua. Ilipita chini ya mlango, myembamba, inang'aa kidogo, ikajilaza kwenye kamba ya nguo aliyoifunga sebuleni kwa ajili ya mvua. Mama hakushtuka. Kwake hakitupwi kitu. Hata vifungo vya shati la marehemu mumewe vimo koponi. Aliisogeza, akaanika shuka.

Bintiye aliporudi kazini aliitambua mara moja. Kazini walimwita Chekeche, kwa kuwa alitunza chujio la mashine kubwa ya chini ya ardhi, ile inayogonganisha chembe ndogo kuliko vumbi. Kila mgongano huacha mistari mingi mno, na haiwezekani kuihifadhi yote. Chujio huamua kufumba na kufumbua: mstari ulioanzia katikati, penye mgongano, unabaki, ulioanzia pembeni ni takataka.

"Hii ni ya kwetu, mama. Tumeitupa leo."

"Endeleeni kutupa. Mwezi huu sijanunua balbu."

Chekeche alivuta kiti, akaitazama mpaka chai ikapoa. Mingi ililala miwilimiwili, imegusana ncha, kama iliyozaliwa mahali pamoja. Takataka haina ndugu. Hizo zilikuwa alama za chembe iliyosafiri kidogo kutoka katikati kabla ya kupasuka vipande viwili, na ndiyo wakubwa wake waliyoitafuta miaka nenda miaka rudi. Akaandika kanuni mpya: mstari ulioanzia mbali usitupwe kabla ya kutafutiwa nduguye.

Kanuni ilipowashwa, chembe ile ilinaswa wiki hiyohiyo. Wakubwa walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Chekeche alijivunia kazi yake wala hakuficha. Alipita ukumbini kifua mbele, na ilimstahili. Nyumbani mistari ilikoma kuja. Mama akanunua balbu huku akinung'unika, kisha akawaeleza majirani wote chanzo cha giza lake.

"Kazi ya mwanangu hiyo," alisema.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya mkuu wa chujio. Chekeche aliiomba, na kamati haikukaa sana.

"Kwa kazi hakuna anayekufikia," mkurugenzi alimwambia kwa upole. "Ila sisi huchukua waliosomea hapa kwetu tangu mwanzo. Wewe ulianzia mbali."

"Nimeelewa," alisema Chekeche. Kanuni hiyo aliijua vizuri. Ndiyo aliyoifuta kwenye mashine.

Alifika nyumbani mama akianua nguo. Mlango ulikuwa umefungwa, akapita chini yake, mwembamba, anang'aa kidogo. Mama alisogeza shuka, akampa nafasi kwenye kamba. Kisha akazima balbu, akachukua sindano na gauni lililofumuka pindo.

Jirani alichungulia dirishani, akauliza mwanga mzuri hivyo umetoka wapi.

"Ni mwanangu," mama alijibu, kwa sauti ya kufika barabarani. "Wamemtupa leo."

Akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza tu, bila miwani.