Zinia za Aboth

Samadi ya ng'ombe ilikuwa imenifika viwikoni, nami nilikuwa najisifu.

"Kijiji kizima cha Sop Sop," nilimwambia jirani yangu Oluka, aliyekuwa amejiegemeza kwenye baiskeli yake akinitazama, "hakuna mwanamume aliyewahi kusiliba ua kwa mikono yake. Lakini mimi hii si mara ya kwanza. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye geti la mpaka la Busia niliisiliba barabara ikang'aa hivi, lori la saruji likateleza likarudi Kenya lenyewe, dereva akiwa bado anakunywa chai upande wetu."

"Ofumbi, hiyo lori ilibeba saruji ama uongo?" Oluka alishika mbavu, akapanda baiskeli akaenda zake.

Kusiliba ni kazi ya wanawake, na nafaka ya wimbi ilikuwa tayari kuanikwa uani. Mke wangu Agwang alikuwa Majanji kwa dada yake kwa siku tatu. Babra, mke wa mwanetu Ochwo, alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Nikaona niwashangaze. Nilianzia mlangoni nikarudi nyuma kwa magoti, nikivuta samadi iliyochanganywa na udongo kwa mapinde mapana ya nusu duara, mpaka nikalifikia kaburi la mama yangu pembeni mwa ua. Nikalizunguka lote. Uwanja ulipendeza hata nikaogopa kuukanyaga.

Agwang alirudi jioni ileile na kapu la samaki kichwani. Hakuusifu uwanja. Alilitua kapu, akaenda moja kwa moja kaburini, akasimama.

"Nani amesiliba hapa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Asubuhi ya kuondoka alisimama palepale akinieleza jambo, kopo la majani ya chai mkononi. Mimi nilikuwa katikati ya kisa, nikimsimulia Oluka habari za kiboko aliyevuka mpaka bila kibali. Nilitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nikaendelea na kiboko wangu.

Ndani ya kopo lile mlikuwa na mbegu za zinia. Si zile ndefu zinazoangushwa na upepo. Hizi ni fupi, haziupiti muundi wa mtu mzima, lakini hukaza shina na kujaa maua mekundu, ya manjano na ya waridi hadi majani hayaonekani. Mama yangu, Aboth, alikuwa mfupi vilevile. Alizilea miaka mingi mbele ya nyumba yake. Alizinywesha chini, shinani, maana jani la zinia likilala na maji hushikwa na ukungu mweupe. Alizipa nafasi zipumue. Ua lililochakaa alilikata ili mmea usizeeke. Mwaka wake wa mwisho aliyaacha maua machache yakauke, akayafikicha, mbegu akamkabidhi Agwang. Hakunikabidhi mimi mwanawe, na sikumlaumu.

Agwang alikuwa amezipanda zote kuzunguka kaburi, zichanue siku ya maombi ya kutimiza mwaka. Zilibaki wiki nane. Zinia fupi huhitaji karibu muda huohuo.

"Babra!" aliita.

Babra alitoka jikoni na mtoto mgongoni, akapiga magoti. "Karibu nyumbani, Mama."

"Nilikwambia nini kuhusu hapa?"

"Ulisema pasiguswe, Mama. Sikupagusa. Nilirudi kutoka kliniki nikakuta hivi."

"Basi pamejisiliba penyewe?"

Nilikuwa na visa vitatu tayari ulimini. Cha kwanza kilikuwa na ng'ombe wa Oluka. Cha pili kilikuwa na mwanamke mgeni aliyepotea njia akiwa na ndoo. Cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote, nami bado nakisikitikia. Lakini nilimwona Babra akiinamisha macho, msichana ambaye tangu aolewe hajawahi kupita mbele yangu bila kuinama, na visa vyote vitatu vikanikauka mdomoni.

"Ni mimi, Mama Ochwo," nikasema.

Agwang hakugeuka hata. "Baba Ochwo, leo usinichekeshe."

"Kweli kabisa. Nilisiliba mimi."

"Wewe uliyesema uliwahi kufuga mamba kwenye pipa? Unamtetea mkweo, ni vizuri. Lakini usinifanye mtoto."

Babra alinitazama kwa nafasi ndogo ambayo heshima inamruhusu, kisha akatazama chini tena. Naye hakuamini. Miaka ishirini na saba nimewachekesha watu, na siku niliyohitaji neno langu moja lisimame, halikupata pa kusimamia.

Nikapiga magoti pembeni mwa kaburi. Niliuweka mkono wangu wa kulia juu ya samadi iliyokauka, katikati ya mapinde niliyoyavuta. Kidole changu cha kati kimepinda kuelekea cha pete. Kijiji kinajua kiling'atwa na chui. Kinajua pia kilivunjwa na mfanyamagendo, na kwamba kilipigwa na radi. Kila pinde la uwanja ule lilikuwa na mistari miwili iliyobanana na nafasi pana kando yake, kuanzia mlangoni hadi kaburini. Vidole vyangu viliingia humo kama mguu kwenye kiatu chake.

Agwang alichuchumaa. Aliufuata mstari mmoja kwa kidole chake, polepole, mpaka ukaufikia mkono wangu.

"Kilivunjika vipi hasa?" akauliza.

"Nilikibana kwenye mlango wa choo cha geti."

Akamgeukia Babra. "Mwanangu, nimekukosea. Inuka."

Nikataka kuibandua samadi. Akanishika mkono. "Ukibandua, unazing'oa nazo. Wacha. Mama alizizoeza mambo magumu."

Kuanzia siku ile nilijifunza kunyamaza asubuhi. Nilifunika gunia juu ya samadi, nikalilowesha kidogo kwa kikombe, nikalifunua, nikatazama. Siku ya tano, hakuna kitu. Siku ya saba niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye mstari mmoja. Siku ya nane kijani kilichokunjika kiliinua kigae cha samadi kipana kuliko chenyewe mara kumi, kikakibeba kichwani, kikasimama. Nimeona mengi kwenye geti la Busia na nimeongezea mengine. Sijawahi kuona nguvu kama ile.

Ziliota pale tu samadi ilipokuwa nyembamba, ndani ya alama za vidole vyangu. Miche mingine ilifia chini. Niliyobaki nayo niliilea kwa msaada wa Agwang na maneno ya Aboth: maji shinani, ncha ikatwe ili mmea utanuke, konokono waokotwe mapema.

Siku ya maombi kaburi lilizungukwa na mapinde ya maua kama mabawa, mistari miwili imebanana, kisha nafasi. Kasisi alimaliza, watu wakala, na Nerima, rafiki wa mama kutoka Lunyo, akasimama akiyatazama, mkono kiunoni.

"Nani alipanda kwa ufundi huu?"

Wote walinigeukia. Oluka alikuwa tayari anatabasamu. Nikawaeleza ilivyokuwa, kuanzia samadi hadi mlango wa choo, bila kuongeza hata kuku mmoja.

Walicheka mpaka Nerima akakaa chini. "Ofumbi, uongo hata mbele ya mama yako!"

Babra hakucheka. Alikuwa akikitazama kidole changu, macho yake yote, kwa mara ya kwanza. Agwang aliingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai, tupu, akaliweka mapajani mwangu.

"Ua la kwanza likikauka," akasema, "utafikicha wewe."