Nilivyomzika Mtani Wangu kwa Simu

Fauzia Hussen nilimuua mimi, Jumatatu asubuhi, mbele yake mwenyewe, na alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye Mngindo, mimi Mmwera. Anayejua utani wa huku kwetu hahitaji maelezo zaidi, ila mashine haikujua, kwa hiyo nitaeleza.

Mtani wako akifiwa, unaingia msibani unakamata kuku. Unalala njiani jeneza lisipite mpaka wakubembeleze. Wenye msiba wakilia, unawauliza kelele za nini, marehemu mwenyewe alikuwa mvivu. Na mtani hakasirikiwi. Ukitaniwa ukanuna, aibu ni yako wewe uliyenuna. Ndivyo tulivyolelewa hapa Kiswere.

Sasa mimi, Likwata, ni mjumbe wa nyumba kumi. Kila Jumatatu saa tatu simu yangu inaita. Ni dada wa simu, akili mnemba ya mradi wa afya wa nchi tisa, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha mwenyekiti wetu. Anataja watu wangu mmoja mmoja: nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kafariki. Ninachosema ndicho kinachoandikwa. Maofisa walipokuja kuutambulisha mradi walituahidi kwamba mashine haitaamua mambo ya uhai na kifo peke yake; ukitokea ubishi, wataamua binadamu, jopo la watu kutoka nchi zote tisa. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Jumatatu hiyo Fauzia alikuwa kibarazani kwangu akichambua choroko. Jicho lake la kulia lilishapofuka kwa presha ya macho, na la kushoto lilikuwa linaelekea hukohuko. Mwezi uliofuata alikuwa apasuliwe Lindi, bure, chini ya mradi huohuo. Simu ikaita, nikaweka sauti kubwa kama kawaida.

"Habari za Fauzia Hussen?"

Fauzia akadakia, "Mwambie nimeolewa mbali. Nimechoka kukaa jirani na Wamwera."

"Huyo kafa," nikasema. "Tumemzika jana. Jogoo wake ninaye mimi."

"Pole sana kwa msiba," akasema dada wa simu, akaendelea na jina lililofuata. Tulicheka. Fauzia akasema akifa kweli atakuja kunidai jogoo wake. Wallahi sikuona kosa. Ni nani asiyejua mtu akitaniwa?

Orodha ya upasuaji ilipotoka, jina lake halikuwemo. Tukaenda zahanati kwa nesi Stella.

"Shikamoo mjumbe," akasema, akiangalia kompyuta yake, kisha akamwangalia Fauzia, kisha kompyuta tena. "Humu ameandikwa marehemu."

Stella kwao ni mbali, hana utani na sisi.

Nikampigia dada wa simu palepale. Nikamwambia Fauzia yu hai, huyu hapa, ongea naye. Fauzia akaongea. Dada akamsikiliza kwa adabu zote, akasema sauti peke yake haithibitishi uhai. Kisha akaniuliza: taarifa yangu ya kifo ilikuwa kosa au uongo?

Kosa haikuwa, maana nilijua ninachosema. Uongo haikuwa, maana sikukusudia kumdanganya mtu. "Ulikuwa utani," nikasema.

"Samahani. Chagua moja: kosa au uongo."

Nikasema utani. Nikasema tena utani, kwa sauti ya kugomba. Nikamtukana, akaniomba radhi kwa usumbufu. Mwisho nikasema uongo, ili yaishe.

"Asante kwa kusema ukweli," akasema. "Kwa kuwa umekiri uongo, ushahidi wako hautatumika katika shauri hili. Shauri linapelekwa kwa jopo."

Jopo lilikuwa limekaa juma lililopita. Hukaa kila baada ya miezi mitatu.

Tulikwenda Lindi hivyohivyo. Tulilala kwa dada yangu Mitwero, asubuhi tukawa wa kwanza hospitalini. Daktari Justa alimmulika Fauzia jichoni kwa muda mrefu.

"Hili bado linaokoleka," akasema. "Ila si la kungoja."

"Basi lipasue, daktari."

Akaketi. Akatueleza kwamba chumba cha upasuaji, vifaa na dawa, vyote hufunguliwa kwa namba ya mgonjwa, na namba ya marehemu haifungui kitu. Na nchi zote tisa zilisaini kanuni kwamba asiye kwenye orodha asipasuliwe, kwa sababu zamani wakubwa walikuwa wakipenyeza jamaa zao mbele ya maskini. "Kanuni hiyo niliipigania mimi," akasema.

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Aliwaandikia jopo wakae kwa dharura, akatia na picha ya Fauzia na alama ya dole gumba lake. Wakajibu siku ileile, kwa upole, kwamba wajumbe wa nchi mbili wako likizo, na bila wote tisa uamuzi si halali. Daktari akatoa dawa ya matone kwenye mkoba wake mwenyewe, akampa Fauzia, akageukia dirishani.

Tukarudi Kiswere kungoja. Kwanza Fauzia aliacha kuchambua choroko. Kisha akawa anamimina maji pembeni ya kikombe. Siku moja nikamkuta anapapasa ukuta wa nyumba yake akitafuta mlango. Nikamwambia: nitukane, nipige, nishitaki kwa wazee.

"Mtani hakasirikiwi," akasema. "Au Wamwera mmesahau mila?"

Angekuwa mtu baki, wazee wangeniadhibu, yakaisha. Kwa mtani hakuna pa kuomba msamaha. Kila Jumatatu dada wa simu alinipigia, akaliruka jina lake, na mimi nikajibu kuhusu waliobaki.

Jopo likakaa, na mwezi wa nne wa kungoja ujumbe ukaja. Fauzia alikuwa kibarazani kwangu.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. "Jopo, kwa kauli moja, limethibitisha kwamba Fauzia Hussen yu hai."

"Nionyeshe jina langu liko wapi."

Nikashika kidole chake nikakiweka juu ya simu. Akakipitisha taratibu kwenye kioo, kwenda na kurudi.

"Basi nimefufuka," akasema, uso wake umeelekea upande ambao sikuwepo. "Haya, Mmwera. Rudisha jogoo wangu."

Akasubiri. Ilikuwa zamu yangu. Tangu utotoni sijawahi kukosa jibu kwa Mngindo, na Fauzia alikuwa bado anatabasamu akilingojea. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio ambacho nilikiziba kwa kiganja, nikainuka nikasogea mbali asikisikie.

Tabasamu likamtoka polepole. Akanyoosha mkono, akapapasa jamvi pale nilipokuwa nimekaa mwanzo.

"Likwata," akaita. Hajawahi kuniita kwa jina langu. "Likwata, upo?"