Upande wa Pili wa Meza

Adit alipokabidhiwa kitabu alikigeuza kichwa chini miguu juu, akakiweka vizuri mapajani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwanzoni hakikuwa kicheko kibaya. Wageni walicheka jinsi watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake. Mama mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono amgeuzie. Lakini Adit alikuwa ameshaanza kusoma kwa sauti yake kavu isiyo na haraka, na Kiingereza kikamtoka sentensi baada ya sentensi: sungura amefika kisimani, sungura amekuta kisima kimefunikwa, sungura anauliza kifuniko ni cha nani. Hakukwama hata mahali pamoja. Ukurasa ulipoisha alifunua mwingine, kitabu kikiwa bado kichwa chini, akaendelea.

Hapo kicheko kikafifia, na minong'ono ikachukua nafasi yake. Bi Harriet, mkubwa wa shirika la misaada aliyekuja kutoka ofisi ya Nairobi kuzindua mradi wa vitabu, alimwinamia Cyril, mratibu wake wa Juba, akasema bila kujisumbua kushusha sauti:

"Huyu amekariri. Mmemkaririsha."

Jedidah alisikia. Alikuwa amesimama ukutani pamoja na wenzake wanaojitolea, wote wamevalishwa fulana za njano kama maboksi ya sabuni. Masikio yakamchemka.

Siku hiyo kulikuwa na nafasi moja ya shule. Shirika lingemlipia mtoto mmoja wa mtaa wa Kator masomo yote ya msingi, na mtoto huyo angekuwa yule anayesoma vizuri kuliko wote. Jedidah alikuwa amemtaja Adit bila kupepesa macho. Adit alikuwa na miaka kumi. Tangu yeye na shangazi yake warudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma hakuwa amekalia dawati la shule, kwa sababu chai ambayo shangazi aliuza barabarani kule Atlabara iliwalisha tu, haikuwa na la ziada. Kama angeikosa nafasi hii, hapakuwa na nyingine.

"Tuna mtoto mwingine, madam," Cyril alisema haraka. "Malesh, samahani, huyu amechanganyikiwa na watu. Adit, nenda ukakae."

Adit alifunga kitabu. Hakwenda kukaa. Alimtazama Jedidah, na katika macho yale hapakuwa na machozi wala aibu, bali swali tu: nimekosea wapi?

Jedidah akajitoa ukutani.

"Hajakariri," alisema. "Mpeni kitu kingine chochote asome."

Bi Harriet alimgeukia. "Na wewe ni nani?"

"Jedidah. Jumamosi najitolea kufundisha hapa. Siku nyingine niko mapokezi, kule hotelini Amarat. Jana jioni nilikupa ufunguo wa chumba chako."

Mtu fulani nyuma alicheka puani. Alikuwa Resty, Mganda mwenye kibanda cha chapati nje ya ukumbi, ambaye leo alikuwa amekodiwa kuwapikia wageni. Alisimama mlangoni na mikono yenye unga.

"Mpe huyo mtoto karatasi, nyabo," Resty alisema, akimwambia Bi Harriet kwa heshima ya kwao. "Sisi iko hapa tunaangalia. Kama hajui, si tutaona?"

Bi Harriet alitazama huku na huku, akakosa la kutoa ila karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa hotuba yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameisoma bado. Alimpa. Adit aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kichwa chini kama alivyofanya kitabu, akasoma.

Alisoma salamu kwa waheshimiwa wote. Alisoma kwamba ni furaha kubwa kusimama hapa. Neno moja refu lilimsumbua, akalikata vipande, akaliunga, akalitoa. Kisha akasoma kwamba leo, kwa mapenzi ya wafadhili, kila mtoto katika ukumbi huu ana kitabu chake mkononi. Akainua kichwa. Alizitazama meza za plastiki, watoto wanane kila meza na kitabu kimoja katikati.

"Ustaza," alimwuliza Jedidah, mwalimu wake, kwa Kiswahili chake cha Kakuma, "hawa watoto wanasema ni gani?"

Nje, mafuta ya Resty yalisikika yakichachatika.

Jedidah alidhani sasa wataona haya. Alisubiri aone uso mmoja, hata mmoja, ukiinama. Badala yake Bi Harriet alipiga makofi.

"Lakini hii ni ajabu," alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa kweli. "Anasoma kweli. Kamera iko wapi? Njoo, njoo karibu. Arudie, na aishike vizuri ionekane kabisa kwamba imegeuzwa. Ofisini watalipenda sana hili."

Mpiga picha akasogea. Cyril alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Wageni walitoa simu zao. Wale wale waliomcheka Adit sasa walimzunguka kana kwamba alikuwa anatembea kwa mikono.

"Bi Harriet," Jedidah alisema, "unajua kwa nini anasoma hivyo?"

"Kipaji, nadhani. Watoto wengine wana kipaji."

"Si kipaji. Ni meza." Jedidah alionyesha meza iliyokuwa karibu. "Mlitupatia kitabu kimoja kwa kila meza. Wanaowahi wanakaa upande ambao kitabu kinaangalia. Adit anaosha vikombe vya chai vya shangazi yake ndipo anakuja, kwa hiyo kila Jumamosi anakuta upande huo umejaa. Anakaa upande wa pili. Amejifunza kusoma akiwa upande wa pili, herufi zote zimesimama kwa vichwa. Nikijaribu kumhamisha, wenzake wanalia kwamba nao hawaoni. Hajawahi kushika kitabu, Bi Harriet. Ni leo, mbele yako, na mmemcheka."

"Jedidah," Cyril alisema kwa meno yaliyofumbwa, "twende tuongee nje."

"Tumeongea nje tangu mvua za kwanza, Cyril. Nilikuomba hata katoni moja. Ukaniambia vitabu vinakaa stoo ya shirika kule Amarat mpaka uzinduzi, ili vipigwe picha vikiwa vipya."

Katoni zenyewe zilikuwa pale pale jukwaani, zimepangwa kama ngazi na kufungwa utepe wa samawati. Watoto walikuwa wamezikodolea macho tangu asubuhi.

Cyril alimsogelea Jedidah mpaka Jedidah akanusa manukato yake.

"Dadangu, tumia akili," alinong'ona. "Huyu mama amempenda msichana wako. Nafasi ya shule iko mdomoni mwake. Ukimuaibisha mbele ya watu ataondoka nayo, na wewe Jumatatu utakuwa hotelini unatoa funguo. Atakayebaki anaosha vikombe ni nani?"

Alisema kweli, na hicho ndicho kilichomuuma Jedidah zaidi. Hasira yake isingemgharimu yeye kitu; ambaye angeilipia ni Adit. Alimwangalia mtoto. Adit alikuwa bado ameishika hotuba ya watu, kichwa chini, akiisoma kimya kimya hadi mwisho, midomo ikicheza.

"Atarudia," Jedidah alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Mtapata picha yenu. Lakini katoni zifunguliwe kwanza."

"Utepe unakatwa saa nane, baada ya chakula," Cyril alisema. "Ratiba ndivyo ilivyo."

"Chakula bado," Resty alisema kutoka mlangoni. "Hiyo chapati mimi ndio napika, na mimi nasema bado. Lakini kisu iko hapa."

Alikuja nacho kati ya viti, akikipangusa kwenye aproni, akakiweka juu ya katoni ya chini. Wote walimtazama Bi Harriet. Bi Harriet aliitazama kamera, ambayo taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, kisha akamtazama mtoto ambaye yeye alitaka kumpeleka ofisini mwake ndani ya kioo cha simu.

"Basi, fungueni," alisema, na akatabasamu kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Jedidah hakukata utepe. Alipasua katoni yenyewe ubavuni, kwa kisu cha vitunguu.

Vitabu viligawiwa mkono kwa mkono mpaka meza ya mwisho. Kisha Adit alisimama mbele ya kamera akasoma habari za sungura na kisima, kitabu kikiwa kimegeuzwa, na wageni wakapiga makofi marefu. Bi Harriet alimkumbatia akatangaza kwamba nafasi ni yake. Shangazi, aliyekuja mbio ameacha birika mikononi mwa jirani, alipiga vigelegele hadi akapaliwa. Jedidah alishukuru, lakini mikono yake haikukubali kupiga makofi. Mtoto alikuwa amepata shule kwa kuwa kichekesho kizuri. Wale wengine, waliosoma kwa upande wa kawaida na kwa shida ya kawaida, hakuna aliyewauliza majina.

"Fulana utairudisha," Cyril alimwambia alipopita.

Jedidah aliivua pale pale, akabaki na blauzi yake ya kazini, akamwekea begani.

Alipogeukia meza aliona jambo lililomtia uchungu kuliko yote ya siku ile. Kila mtoto alikuwa na kitabu chake. Lakini kila meza ilikuwa imefungua kimoja tu. Vingine vimefungwa mapajani, na vichwa vinane vimeinamiana juu ya hicho kimoja, wakisukumana viwiko kama kawaida yao. Na Adit, mwenye nafasi ya shule, alikuwa amekwenda moja kwa moja kukaa upande wa pili.

Akaenda kwao, akakifunga kile cha katikati.

"Kalas, yameisha hayo. Kila mtu na chake. Mbele yake mwenyewe."

Walimtazama kama wanaoadhibiwa. Mmoja mmoja wakafungua. Adit alifungua cha kwake, kikajigeuza chenyewe mikononi mwake. Akasita. Akakigeuza kikakaa kama vya wengine.

"Ustaza, hivi nitasoma polepole kama mtoto mdogo."

"Soma polepole. Hakuna anayekungoja umalize."

Mpiga picha alikuwa amewaona, anakuja na kamera begani, Bi Harriet nyuma yake. Jedidah akasogea akasimama kati yao na meza, mgongo wake kwa kamera, mikono kiunoni.

"Dada, unatuziba," mpiga picha alisema.

"Najua."

Mbele yake, pale kamera isipofika, kidole juu ya neno, Adit alianza na sungura. Alikwama. Akaanza tena.