Ukungu wa Kibosho kwenye Bomba la AC

Fundi Awadhi alichovya brashi kwenye kopo la povu la sabuni, akaipitisha taratibu juu ya bomba la AC la Mark II ya Mama Candida. Ilikuwa mchana wa Desemba, pale Gerezani, mtaa wa mafundi wa magari, joto la kuchemsha chai bila moto. Gesi ilijazwa juzi na jana ikaisha, kwa hiyo bomba lilikuwa linavuja mahali, na kazi ya povu ni kuonyesha wapi. Povu likatuna kwenye kiungo karibu na kondensa. Likapasuka, ukungu ukatoka.

Awadhi alinusa vidole vyake. "Mama, hii siyo gesi. Huu ni ukungu."

Candida alishajua. Harufu yake ilishamfikia pale alipokaa kwenye kigoda: moshi wa jikoni, samadi, majani ya migomba yaliyolowa. Ulikuwa ukungu wa Kibosho, kwao mlimani Kilimanjaro, tena wa asubuhi. Awadhi akamweleza kwamba magari ya zamani yana tabia ya kuhifadhi hewa yaliyoivuta njiani. Mwezi uliopita alihangaika na Land Cruiser ya Njombe iliyokuwa inavujisha manyunyu. Wakati anasema hayo, ukungu ulishateremka barabarani na baridi yake. Muuza kahawa akaanza kugombewa, na jamaa mmoja wa Mchikichini, watu ambao kwa biashara hawajambo, alishafika na sweta za mtumba begani. Candida alinunua moja.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Theophil. Kila Desemba walifunga duka lao la mabeseni Kariakoo, kama Wachaga wenzao wote, wakapanda nyumbani. Wakifika Himo, Theophil alizima AC, akashusha vioo vyote, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Sasa alikuwa amelala hukohuko Kibosho, kaburi lake katikati ya migomba, na Candida hakuwa amelifagia tangu msiba. Leodegar, mdogo wa marehemu, alikishika kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba yao, na kumwambia kwamba mjane mwenye mabinti watupu hana cha kufuata pale. Hata hivyo Candida alikuwa anatengeneza AC kwa ajili ya safari. Alitamani kwenda mpaka kifua kilimuuma.

Awadhi akamweleza hali ilivyo. Akiziba, ukungu utabaki ndani ya bomba na gari litapoza kama magari mengine. Akiacha, utavuja wote mpaka uishe. Candida akamwomba asubiri kidogo. Akaingia garini, akapandisha vioo, akavaa sweta, akawasha feni.

Matundu ya dashibodi yakapumua. Kisha Theophil akakohoa humo ndani, kikohozi kilekile cha siku zake za mwisho, na likatoka jani la sale, bichi, limefungwa fundo. Sale ndilo jani ambalo Wachaga humpelekea mtu wanapomwomba msamaha, na aliyeletewa halikatai. Candida aliliweka mapajani.

"Mama Joyceline, Leodegar hakuiba kihamba," alisema Theophil, akimwita kwa jina la binti yao. "Nilimpa mimi. Ukoo ulikaa, wakasema sina mtoto wa kiume. Nikakubali."

"Na hukuniambia."

"Niliona haya. Ulikuwa unaniuguza."

Hilo lilimuuma kuliko kihamba chenyewe. Siku zote alimlaani shemeji yake kabla ya kulala, kumbe aliyemfungia njia ya nyumbani ni huyuhuyu aliyekuwa akimlilia. Akalia kwa sauti, vioo vikiwa vimepanda. Bado alimpenda, na hapo ndipo penye shida. Akasema amelipokea jani, ila amwombe basi mdogo wake amruhusu aje. Theophil akajibu kwamba alishajaribu. Kila jioni husimama juu ya kaburi akimsemesha, na Leodegar humwamkia kwa heshima zote, kisha huendelea kupalilia kahawa.

Candida akampigia Leodegar palepale, akamwambia ameletewa sale na kaka yake. Leodegar hakubisha. Aliuliza kama kikohozi cha kaka kimepungua.

"Lakini shemeji, hilo sale ni lako na kaka," akasema. "Kihamba hakihusiki. Ukija, fikia hotelini, halafu mchana uje utusalimie kama wageni wengine."

Candida akashusha kioo. "Fundi, ziba."

"Nizibe kabisa?"

"Kabisa. Uuache uvuje, Gerezani nzima iuvute, mimi nibaki na nini?"

Awadhi akabadilisha oringi, ule mpira wa kuzuia kuvuja, akakaza kiungo, akapaka povu tena. Halikutuna. Joto likarudi mtaani, watu wakavua sweta na kuanza kulilalamikia jua kama kawaida.

Wiki ya Krismasi milango ya chuma ya maduka ilishushwa mtaa mzima pale Kariakoo, isipokuwa mmoja, wa Candida. Sale lilikuwa limechipua kwenye kopo la rangi. Kwao hupandwa mipakani mwa kihamba, naye aliliweka kizingitini, pale sakafu yake inapoishia. Mark II ilisimama nje, bomba lake likiwa zima. Mteja kutoka Kigamboni, aliyezunguka sana kutafuta duka lililo wazi, aliingia akifuta jasho, akamuuliza mbona yeye hajaenda nyumbani kama wenzake.

Candida alimjibu kwamba mwaka huu hakwenda, akamuuliza anataka beseni la ukubwa gani.