Ukucha wa Fundi wa Miche

"Mchafu ni huyu mama," Kidole alikuwa akimwambia tajiri mwenye kitalu, na mama mwenyewe kasimama hapohapo na ndoo yake ya kumwagilia. "Mtazame hizo kucha zake. Miche ya nyanya imejikunja majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Ni maji yake, nani mwingine?"

Walimwita Kidole kwa sababu ya kazi yake. Alipita kitaluni mche kwa mche, akikata vichipukizi vya pembeni kwa ukucha wa dole gumba, tk, tk, bila kisu, hata bila kutazama. Kazi safi, tusimnyime haki yake. Lakini majivuno, jamani. Mtu akijaliwa ukucha mmoja mzuri anadhani na kichwa kapewa. Kila akimaliza mstari alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasokota tumbaku, akavuta, akapangusa vidole kwenye suruali, akarudi kwenye miche. Salamu ya mama wa maji hakuipokea miaka minne. Mtu wa ndoo, amjibu ya nini?

Tajiri ni mtu wa kumwamini anayesema kwa sauti kubwa. Akamwambia mama mwisho wa mwezi aende zake. Mama ana watoto watatu na hana mume. Aliinua ndoo yake, akaendelea kumwagilia.

Ila tajiri alikuwa amekwisha kumwita mtaalamu wa mimea, na alipofika, kumbe ni mpwa wake Kidole, binti wa dada yake. Akachuma majani, akayatazama juani, mabaka ya kijani na manjano. Kisha akamtazama mjomba wake anavyosokota.

"Mjomba, hiyo tumbaku umeitoa wapi?"

"Msimu huu nimepata ya bei rahisi. Unataka?"

"Inaweza kuwa na kirusi. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja. Kirusi kinakaa kwenye jani kavu miaka. Wewe unalishika, halafu unaukata mche. Palipokatwa ndio mlango wake."

Kidole alicheka mpaka akakohoa. "Nimevuta miaka arobaini, sijaota baka hata moja."

"Hakikutaki wewe, mjomba. Kinataka nyanya."

"Kidudu kisichoonekana, lakini kinachagua chakula kama bwana harusi. Ndiyo mliyosomeshwa hayo?"

 Binti akaleta trei mbili za miche mizima kutoka kwake, akafunga kitambaa chekundu kwenye moja, cheupe kwenye nyingine. Yenye chekundu akate mama, yenye cheupe akate Kidole, maji yawe yaleyale ya mama. Tajiri ataamua baada ya wiki mbili.

"Nipe hata trei kumi," Kidole akasema, akatema mate pembeni.

Mama alikata kwa woga, akachubua mashina mawili matatu, na Kidole akamcheka. Yake aliimaliza huku anapiga mluzi, tumbaku nyuma ya sikio.

Siku ya kumi na nne alifika mapema kuliko wote. Trei yenye kitambaa chekundu ilikuwa kijani tupu. Yake ilikuwa na mabaka kila mche, majani ya juu yamejikunja, membamba kama kamba. Alisimama. Akaivuta karibu, akaisogeza mbali, kama mtu anayesoma barua bila miwani. Gari la tajiri likapiga honi getini.

Basi yule fundi mkubwa, bwana wa usafi, akainama akaanza kufungua kitambaa chekundu, akifunge kwenye trei yake. Fundo likamkatalia.

"Usiishike yangu, mzee." Mama alikuwa mlangoni na ndoo yake. "Bado nzima."

Hakupaza sauti. Kidole aliirudisha mikono yake taratibu, asijue aiweke wapi. Mfukoni kuna tumbaku. Mezani kuna miche.

Tajiri akaingia na binti nyuma yake. "Haya, yenye ugonjwa ya nani?"

 Mama angeweza kusema; akamtazama Kidole tu.

"Yangu," Kidole akasema, kwa sauti ambayo tajiri hakuisikia. Ikabidi arudie. "Nyeupe. Yangu mimi. Mama abaki."

Tajiri akamgeukia binti, na binti akasema miche iliyougua ing'olewe ichomwe, tumbaku isiingie tena humu, na mkataji anawe kwa sabuni, kisha achovye mikono kwenye maziwa kabla ya kila mstari, maana maziwa hukizuia kirusi.

Mama ndiye aliyetumwa maziwa. Akaleta bakuli limejaa, akalishika kwa mikono miwili mbele ya Kidole.

"Polepole, usimwage," akamwambia. "Kwangu hayo watoto wanayaota ndotoni."

Kidole akachovya. Wote wawili wakainamisha vichwa, wakitazama weupe wa maziwa ukigeuka rangi kidogokidogo, kuzunguka vidole.